Korongo Kwenye Mtungi

Wiki iliyopita kastoma mmoja aliingia studio, mtu mzima na heshima zake, akazunguka weee, mwisho akasimama kwenye rafu ya nyuma, akashika mtungi mkubwa kuliko yote akaniuliza, "Dada, hapa umechonga nini?" Nikamjibu bila hata kufikiria, "Korongo." Akaugeuza, akausogeza dirishani kwenye mwanga, akainama mpaka akaangalia kitako. "Mbona simwoni? Miguu yake iko wapi?"

Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana yeye alikuwa anatafuta ndege kwa moyo mmoja. Nikamwambia hapana mzee wangu, korongo hili siyo lile lenye shingo, ni lile la maji, lile bonde jembamba ambalo mvua inalichimba kila mwaka mpaka siku moja unakuta njia ya kwenda shambani imekatika. Akautazama tena. Akasema, "Kwa hiyo umechonga mmomonyoko wa udongo juu ya udongo." Nikasema ndiyo. Akasema "haya," taratibu kabisa, kama mtu anayeongea na mgonjwa, akaurudisha rafuni akanunua kikombe chenye twiga.

Sasa mi tangu siku hiyo hilo neno halijanitoka kichwani. Mmomonyoko wa udongo juu ya udongo. Nimefanya hii kazi miaka inaenda tisa na hakuna mtu aliyewahi kuielezea kwa ufupi kiasi hicho, na alikuwa anaisema kwa masikitiko!

Kwa wasionijua, mi ni mfinyanzi, niko Iringa mjini, studio yangu ni chumba cha uani na banda la tanuru, nashea uwanja na kuku wa mama mwenye nyumba. Natengeneza vikombe, bakuli, sahani za kuagizwa, hivyo ndo vinalipa kodi, na kati ya oda na oda natengeneza mitungi ya kuchonga. Siyo kuchora, kuchonga. Naondoa udongo kwenye ukuta wa mtungi kwa kisu na vijiko vya waya mpaka inabaki migongo na mifereji, ukipitisha mkono macho yamefumbwa unasikia vilima na mabonde.

Nimekulia bondeni jirani na wachoma matofali. Mtu wa Iringa anajua naongelea nini, yale mashimo mekundu kando ya mto, marundo ya tofali yamepigwa tope nje na moshi unatoka kwenye matundu usiku kucha, na asubuhi nguo zote zilizoanikwa zinanuka. Sisi watoto mashimo yale yalikuwa uwanja wetu. Mvua ikinyesha ukuta wa shimo ulikuwa unachanika mistari, mwanzoni miembamba kama mikwaruzo ya kuku, wiki ya pili unaingiza kidole, mwisho wa masika unaingiza mguu mzima na bibi anakufokea usicheze pale litakuangukia. Tulikuwa tunaweka vijiti juu tunashindana cha nani kinafika chini kwanza. Hiyo ndo mandhari yangu mimi. Watu wakisikia "msanii anayevutiwa na mandhari" wanawaza machweo na mti mmoja wa mgunga na tembo kwa mbali, mi nawaza shimo la matofali.

Afu kuna Isimila. Iko kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya kwenda Mbeya, na kila mwanafunzi wa Iringa amepelekwa pale angalau mara moja kwenye lori au Coaster iliyojaa kupita kiasi. Sisi tulipelekwa darasa la tano. Mwalimu alituonyesha zile shoka za mawe, zile ambazo wataalamu walianza kuzichimbua miaka ya 1950, na zilipopimwa umri wake kwa kipimo kimoja ikaja kama miaka 260,000, namba ambayo kwa mtoto wa darasa la tano haina tofauti na "zamani za kale". Mi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa naangalia nguzo. Kule chini kwenye korongo kuna nguzo za udongo zimesimama zenyewe, ndefu kuliko ghorofa, zimechongwa na maji ya mvua peke yake, na juu ya nyingine kuna kofia ya udongo mgumu zaidi ambao ndo umeikinga nguzo isiliwe. Pembeni yake palipokuwa laini pote pameondoka. Mwalimu alinivuta sikio, nakumbuka.

Kuja kuelewa kwamba shoka na nguzo ni habari moja ilinichukua miaka ishirini. Yule mtu wa kale alichukua jiwe akaondoa kipande, akaondoa kingine, akaendelea kuondoa mpaka ikabaki shoka. Mvua nayo hivyohivyo. Hakuna aliyeongeza kitu.

Lakini nilivyoanza kuchonga nilianza vibaya kabisa. Nilikuwa na picha za Isimila kwenye simu, nikachukua mtungi nikazichora zile nguzo kwa nje, moja moja, na kivuli chake, na kimti hapa na mawingu kule. Nilivyomaliza nikarudi nyuma hatua tatu kuangalia, jamani, zilikuwa kama meno ya ng'ombe mzee. Nikajaribu tena na tena, mitungi minne ile. Kumbe tatizo siyo mkono. Tatizo ni kwamba nilikuwa naweka picha ya korongo juu ya kitu ambacho chenyewe kina bega, kina tumbo, kina miteremko yake, yaani mtungi tayari ni mlima halafu mi naubandika picha ya mlima mwingine.

Siku moja ya Januari nikarudi Isimila peke yangu, mvua imetoka kukatika, matope mpaka kwenye kifundo. Nikakaa juu ya ukingo naangalia maji yanavyotafuta njia. Maji hayachori. Yanaanzia juu, kwenye bega, sehemu yoyote yenye udhaifu kidogo, yanashuka, yakikutana na kitu kigumu yanagawanyika mara mbili, chini yanakutana tena na mfereji unakuwa mpana. Basi. Ni hizo sheria tatu nne tu. Nikarudi nyumbani siku ileile nikachukua mtungi uliokuwa unasubiri, nikaloweka brashi nikadondosha maji kwenye bega nikaangalia yanapita wapi. Pale yalipopita ndo nikakata.

Ule mtungi ninao mpaka leo, siuzi.

Ngoja nieleze kazi yenyewe maana huwa naulizwa sana DM. Kwanza chungu cha kuchonga lazima ukitengeneze kizito kuliko unavyokitaka. Hili linauma, kwa sababu ukijifunza gurudumu la kufinyangia unasifiwa kwa kuta nyembamba, unaambiwa ukiinua bakuli liwe jepesi kuliko macho yalivyotarajia, afu kwenye kuchonga unatakiwa usahau yote uache ukuta wa milimita 12 hivi, ili ukichimba milimita sita au saba ibaki ya kutosha. Nina pini ya kushonea nimeitia alama kwa rangi ya kucha, naichoma kwenye ukuta kupima. Kitundu chake kinazibwa kwa kidole.

Halafu unasubiri. Hapa ndo wengi wanaharibu. Ukikata udongo ukiwa bado mbichi unavutika, kingo zinaota ndevu, kisu kinatoka na tope na mstari wako unajifunga wenyewe. Ukisubiri ukauka unakatika vipande vipande kama biskuti na vumbi lake ni hatari, lile vumbi lina silika, chembe ndogo sana za mawe, likikaa kwenye mapafu halitoki, usikae unapuliza kwa mdomo kama wanavyofanya kwenye zile vidio. Wakati wake ni pale katikati, udongo ukiwa kama sabuni ya mche iliyotoka dukani. Kucha inaacha alama ila kidole hakiachi. Kijiko cha waya kikipita hapo kinatoa utepe mrefu unaojikunja wenyewe na sauti yake ni kama mtu anamenya muwa. Hiyo sauti nikiisikia najua leo kazi itaenda.

Kwa Iringa huo wakati ni mfupi. Mwezi wa saba upepo ule wa baridi kavu, unaenda kunywa chai ukirudi mtungi umekauka upande mmoja. Ndo maana tunafunika kwa nailoni, na hapa niseme kitu, ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 mi naiunga mkono kabisa, mitaro ya mtaani kwetu ilikuwa imeziba, lakini hakuna aliyefikiria wafinyanzi wa nchi hii wanafunika nini. Nilikuwa na mifuko ya kila saizi. Saivi natumia lile karatasi la nailoni la kufunikia mbao, nalikata, nalifunga na mpira wa baiskeli. Chini yake kwenye bega naweka kitambaa chenye unyevu maana bega linawahi kukauka kabla ya kitako.

Vifaa havijai hata kwenye kopo la Blue Band. Vijiko vya waya nimejitengenezea kwa ule ukanda wa chuma wa kufungia mizigo, unaukunja unaufunga kwenye kipande cha mwanzi. Spoku ya baiskeli imenolewa ncha kwa mistari myembamba. Kipande cha msumeno wa chuma. Waya wa breki wa kukatia mtungi kwenye gurudumu. Na gunzi. Gunzi la mahindi ukilibingirisha kwenye udongo linaacha vitundu vya mpangilio ambao hakuna mashine itakayokupa, na hilo siyo ugunduzi wangu, mabibi zetu wamelitumia tangu na tangu.

Na hapo kwa mabibi ndo nilipopata somo ambalo chuo hakikunipa. Niliwahi kupanda basi mpaka Kyela nikaenda Matema, kule ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ambako milima ya Livingstone inaingia ziwani kama ukuta. Wanawake wa Kikisi wa huko wanafinyanga vyungu ambavyo vinasafirishwa kwa mitumbwi kwenda vijiji vya kando ya ziwa, unaona mtumbwi umejaa vyungu mpaka unajiuliza mpiga kasia kakaa wapi. Nilibeba bakuli langu moja la kuonyesha, nimelichonga kuanzia mdomoni mpaka chini kote, najiona fundi. Mama mmoja akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza juu chini, akapitisha kidole gumba kwenye mifereji ya kitako.

"Mwanangu, huku chini umekwangulia nani?"

Nikamwambia ni pambo, mama. Akasema chini ni kwa moto, ukipatoboatoboa hivi masizi yanaingia huyatoi tena, na papo hapo ndo patapasuka. Akaweka kiganja kwenye bega la chungu chake kibichi, pale alipokuwa ameweka mistari. "Weka hapa. Mikono ikiwa na maji haitelezi." Halafu akanirudishia bakuli akaendelea na kazi yake, wala hakunionea huruma.

Asee niliumia, ila usiku nilivyolala kwenye gesti nikawa nafikiria kila chungu cha kienyeji nilichowahi kukiona na ni kweli, mapambo yako shingoni na begani. Siyo kwa sababu hawakuweza kuendelea chini. Na siyo jambo la jana. Ile pwani yetu kuna vigae ambavyo wanaakiolojia wamevikuta kuanzia upande wa Lamu mpaka Msumbiji na Komoro, vya kama karne ya 6 mpaka ya 10, kabla hata ya ile misikiti mikubwa ya mawe ya Kilwa. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa waliovifanyia kazi sana, na kitu kinachovitambulisha ni pembetatu zilizochanjwa kwenye udongo mbichi, zimejipanga shingoni kama mkufu. Pembetatu na ndani yake mistari. Nilivyoviona nyuma ya kioo cha makumbusho nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kusimama karibu yangu. Mtu yule miaka elfu na zaidi iliyopita naye alisubiri udongo ushike kama sabuni. Unaona kabisa kwenye kigae, kingo za mistari ni safi, hazina ndevu. Kuna kimoja tu pale nilikiona ndevu zake, nikasema huyu alikuwa na haraka, labda mtoto alikuwa analia.

Halafu pwani hiyohiyo ikaja kupokea vyungu vya kuchonga kutoka mbali. Ukienda Kunduchi, pale kwenye magofu, kuna makaburi yenye nguzo ambazo zilipachikwa mabakuli ya Kichina, mengine yameshatolewa imebaki duara lake tu kwenye chokaa. Kilwa Kisiwani na Gedi ya Kenya nako vimechimbuliwa vigae vya bakuli za kijani kutoka Longquan, hukohuko China. Zile bakuli ndo mwalimu wangu wa glezi, yaani ule ute wa mawe unaoyeyuka kuwa kioo, kusema ukweli. Fundi wa Longquan anachonga petali za yungiyungi kwa nje, kina kidogo sana, huwezi kuamini kitaonekana, halafu anapaka glezi ya kijani. Kwenye moto glezi inakuwa kama asali, inakimbia kwenye kingo inajaa kwenye mifereji, kwa hiyo juu ya mgongo rangi inakuwa hafifu karibu nyeupe na bondeni inakuwa nzito kama maji ya kisima. Hakupaka rangi mbili. Amechonga tu, moto ndo ukapaka.

Nilivyolielewa hilo nikaacha kabisa kununua rangi.

Glezi yangu saivi ni ya jivu. Nachukua jivu kwa mama ntilie wawili wa stendi, wananiwekea kwenye ndoo na mi nawapelekea sahani zenye kasoro ndogo, naliosha, nalichekecha, nachanganya jivu sehemu 40, felspa (aina ya jiwe) iliyosagwa 40, udongo 20. Ni kanuni ya zamani ya wafinyanzi wa dunia nzima. Tatizo ni kwamba jivu haliyeyuki vizuri mpaka ufike nyuzi 1,250 hivi, na udongo mwekundu wa matofali ukiupeleka huko unavimba kama andazi halafu unalala. Kwa hiyo nauchanganya na kaolini ya Pugu, ule udongo mweupe, unapata udongo wenye rangi ya biskuti unaostahimili. Na glezi ya jivu ina tabia moja ambayo wengi wanaichukulia kasoro, inatiririka. Ikiyeyuka haikai, inashuka kwa michirizi. Mi ndo naipendea hapo! Naichovya kwenye bega tu, tanuru linaifikisha kwenye moto wake, nayo inashuka ndani ya makorongo niliyoyachonga, ikikutana na mgongo inagawanyika, chini inakutana tena. Inafanya kilekile maji yalichofanya Isimila. Kuna mara inazidi inafika kwenye kitako inauganda mtungi na bamba la tanuru, hapo unachukua nyundo na patasi na roho mkononi.

Tanuru langu ni la kuni, nachoma mabanzi ya mipaina yanayotoka Mafinga kwenye mashine za mbao. Nilianza na la umeme la kuazima lakini umeme ulikuwa unakatika katikati ya kuchoma na ukirudi umepoteza nyuzi mia tatu, nikasema basi, kuni haina fundi wa kumsubiri. Kuchoma kunachukua saa 16 mpaka 18, halafu siku mbili za kusubiri lipoe, na hizo siku mbili mi siyo mtu wa kuongea naye. Tunapima moto kwa koni, vijipande vidogo vya udongo maalum vinavyoinama vikifika nyuzi zake, unavichungulia kwenye tundu na macho yanaungua.

Mwaka fulani mwezi wa pili, mvua kila siku, nilikuwa na mtungi mmoja wenye migongo minene sana, nene kuliko nilivyowahi kuacha. Kwa juu ulikuwa umekauka, rangi imeshageuka. Kuna kipimo cha kuweka chungu shavuni, kikiwa cha baridi bado kina maji ndani, na mi siku hiyo niliweka shavuni na ulikuwa wa baridi na nikajiambia ni hali ya hewa. Nilijua. Nilikuwa na oda ya vikombe tanuruni humohumo na kastoma ananipigia simu kila asubuhi. Nikawasha, nikaongeza kuni mapema. Maji yaliyojificha kwenye mgongo wa udongo yakifika nyuzi mia moja yanakuwa mvuke na mvuke hauombi ruhusa. Kwanza ukasikika mlio kama mtu kapiga bati, kuku wote wakaruka, halafu mwingine. Nilivyofungua kesho yake mtungi ulikuwa changarawe na vipande vyake vimevunja vikombe 11. Mama mwenye nyumba alikuja akasimama mlangoni, akaangalia, akasema pole mwanangu, halafu akauliza kama zile changarawe anaweza kumwaga kwenye banda la kuku pasiwe na tope. Nikampa ndoo mbili.

Tangu hapo mtungi wa kuchonga naukausha wiki tatu, masika wiki tano, na naamka na moto mdogo usiku mzima kabla ya kuanza kuni za kweli. Na kwenye nyuzi 573, pale ambapo chembe za kwazi, aina ya jiwe, zilizomo kwenye udongo zinabadilika umbo kwa ghafla, napita polepole kama gari kwenye matuta, kupanda na kushuka, maana ukuta wangu una sehemu nene na nyembamba na hazipanuki pamoja.

Nirudi kwa yule mzee na twiga wake. Sina ugomvi na twiga. Kuna hoteli moja kila mwaka inaniagiza vikombe vya tembo, naweza kumchonga tembo nimelala. Lakini nikihesabu, tembo mwenye uhai nimemwona mara mbili maishani, zote nikiwa ndani ya gari ya watu. Korongo nimeliona kila siku ya utoto wangu. Nikimchonga tembo mkono wangu unakumbuka picha ya kalenda, nikichonga korongo mkono unakumbuka mguu ulivyozama. Na ni vitu viwili tofauti kabisa kwenye udongo hata kama kastoma haoni.

Huwa namfikiria sana Ladi Kwali. Mama wa Nigeria, alitoka kijiji cha Kwali, alijifunza vyungu nyumbani kama wasichana wengine wa Kigwari. Mwaka 1954 akaingia kile kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Abuja ya zamani ambayo saivi inaitwa Suleja, alichokianzisha Mwingereza Michael Cardew. Kule kulikuwa na magurudumu na matanuru ya moto mkali, lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono, akiuzunguka mtungi mwenyewe badala ya mtungi kuzunguka. Halafu anachanja. Na anachanja nini? Mijusi. Nge. Nyoka, samaki, kinyonga, mamba, ndege. Angeweza kuchonga simba, wazungu wangefurahi vilevile. Alichonga mjusi wa ukutani. Mitungi yake ikaenda kuonyeshwa Ulaya na Marekani, na leo yuko nyuma ya noti ya naira 20, mfinyanzi kwenye hela ya nchi! Kituo hichohicho ndo Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alipita miaka ya 1970 kujifunza, na leo ni mfinyanzi anayejulikana dunia nzima. Odundo yeye hachongi makorongo wala mijusi, vyungu vyake ni laini kama ngozi, sifananishi. Nasema tu njia ilipita kwa mama wa mijusi.

Mtungi wa korongo nauza laki moja na nusu. Kikombe cha tembo elfu nane. Watu wananiambia bei ya mtungi ni kubwa, nami nawaambia wiki nzima ya kukata, wiki tatu mpaka tano za kukausha, na kati ya mitano mmoja unapasuka na huo nao umelipiwa na mingine. Wengine wanaelewa. Wengine wananiambia China iko ya elfu ishirini, nami nawaambia ni kweli, na zamani zilikuja nzuri zaidi, nenda Kunduchi kaone.

Yule mzee amerudi jana. Sikutegemea. Hakuja kununua, alikuja na mjukuu wake, mtoto wa kama miaka saba, akamnyanyua mpaka kwenye rafu ya nyuma akamwambia, "Tafuta korongo." Mtoto hakuangalia hata kidogo, aliweka kidole kwenye bega la mtungi akakishusha kwenye mfereji mpaka chini, kikagota pale glezi ilipokusanyika, akakirudisha juu akashuka na mfereji mwingine. Babu yake ananiangalia mimi. Nikamwambia kama anataka udongo wa kuchezea upo.

Mtoto ameniachia kitu kama mamba au kama gari, hajasema. Nimekiweka chini ya nailoni pamoja na bakuli zangu tatu, na hizo bakuli nimetoka kuzigusa saivi, kucha inaingia kidole hakiachi alama, na upepo umeanza. Nikiendelea kuandika mpaka saa tisa zitakuwa zimeshanikimbia.